Sura ya Tano Sikuisoma

Kaagya, Ijumaa alasiri

Mwanangu Mutalemwa,

Mambo ya shuka, sabuni na kwinini mama yako atakuambia, tena atakuambia mara tatu, kwa hiyo mimi nayapita. Sanduku lako la bati nimelifunga kamba kwa sababu kufuli lake halishiki. Kesho asubuhi tunashuka mjini Bukoba, jioni unapanda meli ya Mwanza, na kuanzia hapo utakuwa mwanafunzi wa chuo cha Biblia. Watu wa kanisani wameanza kukuita mwalimu hata kabla hujaondoka. Mimi wananiita hivyo mwaka wa ishirini sasa, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Wiki iliyopita uliniomba Biblia yangu uende nayo. Uliniomba mbele ya mama yako na mbele ya jirani yetu Ta Byabato, nami nikasema chukua, nikatabasamu kama baba anayestahili kuombwa. Kisha nikaenda kwenye migomba nikakaa huko muda mrefu bila kazi yoyote. Ndani ya Biblia hiyo, Matendo ya Mitume, mwisho wa sura ya nne, kuna mstari wa penseli na maneno mawili kwa mwandiko wangu: hapa mwisho. Ungeyakuta siku moja huko chuoni ukadhani ni alama ya kujifunzia. Si alama ya kujifunzia. Ni mahali nilipotenda dhambi, na nimekuficha miaka kumi.

Unamkumbuka Ma Kokugonza. Ulikuwa darasa la tatu alipoondoka. Kibanja chake cha migomba na kahawa kilipakana na chetu upande wa mteremko, na mama yako alipolazwa hospitali ulilala kwake karibu mwezi mzima, ukarudi umenenepa na umedekezwa, unataka senene wa kukaanga asubuhi na jioni. Alikuwa mjane. Mume wake na binti yao mmoja walizikwa pale pale kibanjani, chini ya migomba, kama tunavyozikana sisi, na kila Jumamosi aliyafagia makaburi yale kabla hajafagia uwanja wake. Hakujua kusoma. Lakini kanisani alikaa benchi la mbele, kichwa amekiinamisha upande, na alichokisikia hakikumtoka tena. Ningehubiri habari fulani leo, na baada ya mwaka angenirudishia yote, pamoja na pale nilipokosea.

Siku zile zilikuwa za vijiji vya ujamaa. Huku kwetu ardhi ilikuwa imebana, kwa hiyo kijiji kipya kilipangwa mbali, upande wa Muleba, kwenye rweya. Wewe unaijua rweya, lakini huko uendako watakuuliza. Waambie ni nchi wazi ya majani, nzuri kwa ng'ombe, ngumu kwa mgomba. Kibanja hakitengenezwi kwa msimu mmoja. Babu anaweka samadi, baba anatandaza majani, mjukuu ndiye anayekula ndizi. Kila Mhaya anajua hilo. Nami nilijua.

Sikuandikii kuilaumu siasa. Wapo waliohama kwa moyo wao, hasa vijana wasio na ardhi, na baadhi yao wamepata shule na bomba la maji na hawajuti. Kosa ninalokueleza ni la msomaji wa Biblia.

Katibu wa tawi la chama alikuja hapa nyumbani. Alikuwa kijana mwenye adabu, alivua kofia mlangoni, mama yako akampa kahawa. Akaniambia, "Mwalimu, wazee hawanisikii. Wanasema hawawezi kuacha makaburi ya baba zao. Wewe wanakusikia. Kitabu chenu hakina neno lolote juu ya ujamaa?"

"Linalo," nikasema. Hata kikombe chake hakijafika nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kupotea, na Biblia ilikuwa bado imefungwa. Nilikuwa na jibu kabla sijauliza. Baadaye nilipoifungua nilikuwa kama mtu anayeingia kwenye migomba na panga mkononi. Anatazama mikungu tu, hata nyoka akipita hamwoni. Nimesoma Neno la Mungu maisha yangu yote ya utu uzima, na nakuambia mara zote nilizolipotosha zilianza hivyo, kwa kwenda kuchukua badala ya kwenda kusikia.

Nitakuambia na kwa nini, ingawa uso unaniwaka. Kwenye mikutano ya kijiji watu walikaa kwenye majani, viongozi wakakaa kwenye viti. Mkutano uliofuata na mimi niliwekewa kiti. Kilikuwa kiti cha mikono kutoka ofisini, mguu mmoja mfupi, ukikaa kinayumba. Nilikuwa mwalimu wa kikanisa kidogo cha Waprotestanti katikati ya Wakatoliki, na hakuna aliyewahi kuniwekea kiti mahali popote. Nilipokaa nilijisikia mtu. Ta Byabato, ambaye ni Mkatoliki na hajawahi kukosa utani, aliniambia tukirudi, "Leo nimekuona umepanda, mwalimu. Kushuka utajua mwenyewe." Nilicheka. Nilidhani ana wivu.

Jumamosi yake nikaandaa mahubiri. Sura ya nne ya Matendo inasimulia jinsi waamini wa kwanza walivyosaidiana hata asiwepo mhitaji kati yao, na jinsi Barnaba alivyouza shamba akaleta fedha miguuni pa mitume. Nikafurahi, nikasema ndilo hili. Lakini nina desturi ya kusoma mbele kidogo, na macho yakaingia sura ya tano. Pale kuna Anania, naye ameuza kiwanja, akazuia sehemu ya fedha na kujifanya ameleta yote. Petro anamuuliza kama mali hiyo haikuwa yake alipokuwa bado nayo, na kama fedha yake haikuwa katika uwezo wake baada ya kuuza. Maana iko wazi kama mchana. Hakuna aliyemlazimisha auze. Mtume mwenyewe anasema ilikuwa mali yake, na kosa lake lilikuwa uongo. Kumbe hata Barnaba alitoa kwa moyo wake. Sura ile inasimulia walichofanya watu kwa kupenda. Haiamuru mjane wa Kaagya aache kibanja chake.

Ningependa kukuambia kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri kabisa, mwanangu. Nikarudi ukurasa nyuma, nikapiga mstari, nikaandika hapa mwisho, nikaichonga penseli upya kana kwamba nimefanya kazi njema.

Jumapili nilihubiri kuliko siku zote. Watu walilia. Katibu alikaa nyuma, akatikisa kichwa kwa kukubali. Ibada ilipokwisha Ma Kokugonza alinisubiri mlangoni mpaka wengine wakatoka.

"Mwalimu, ulivyosoma ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo ilivyo, Ma."

"Kwa hiyo Bwana anataka nikiache kibanja."

"Anataka tusishikilie vya dunia."

"Na yule Nabothi, waitu mwalimu? Mwaka jana ulituambia mfalme alilitaka shamba lake, akamkatalia, akasema ni urithi wa baba zake. Ulisema Mungu alikuwa upande wake."

Nilisimama pale na ufunguo wa kanisa mkononi. Mwanamke asiyejua hata herufi moja alikuwa ameifanya kazi niliyowekewa mikono niifanye. Alikuwa ameliweka andiko mbele ya andiko jingine ili moja liulize na jingine lijibu. Huko chuoni watakufundisha jambo hilo miaka mitatu na kulipa jina kubwa. Yeye alilifanya mlangoni, na vumbi la benchi bado liko kwenye kanga yake. Mimi nikamjibu, "Ma, lile ni Agano la Kale."

"Aa," akasema. "Kama ni la kale, basi."

Kana kwamba Mungu wa Nabothi alikuwa amestaafu. Nikafunga kanisa nikaenda kula.

Wiki ya tatu lori lilikuja. Ma Kokugonza aliyafagia makaburi yake, akapakia jembe, chungu, na gunia la miche ya migomba yake. Alikuita akakupa kikapu kidogo cha senene wakavu, na ulilia ukalifuata lori mpaka kwenye kona. Na mimi, mwanangu, sikuhama. Nilisema lazima abaki mtu wa kulinda kanisa. Kanisa lenyewe halikuwa na kitu cha kuibiwa isipokuwa kengele, na kengele ilikuwa imepasuka.

Kule rweya walilima mahindi na mihogo, ikaenda. Migomba yake haikwenda. Alikaa miaka miwili, kisha akarudi kwa miguu hadi hapa kukidai kibanja, na akakuta shemeji yake mkubwa ameshaingia, ameezeka upya, anachuma kahawa. Mila yetu unaijua. Mjane akikaa kwenye kibanja cha mumewe ni wake mpaka afe. Akiondoka mwenyewe, ukoo unasema amekiacha, na pamoja nacho ameacha mahali pa kuzikwa. Wazee wa ukoo walikaa, wakaniita nitoe ushahidi. Wakaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, mama huyu alifukuzwa au aliondoka mwenyewe?"

"Aliondoka mwenyewe," nikasema.

Ma Kokugonza alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, akageuka kunitazama. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa upande, vile vile kama kanisani, akingoja niendelee. Alingoja niseme nani alimwambia aondoke, na kwa jina la nani. Nilikunja kofia yangu nikakaa chini. Kwa mara ya pili niliandika hapa mwisho, safari hii bila penseli.

Alirudi Muleba. Nilikwenda kumwona mara moja tu, alipokuwa anaumwa ugonjwa uliomchukua. Aliomba nimsomee, nikamsomea zaburi, na kwa kuwa giza lilikuwa linaingia niliishia katikati nikafunga kitabu. Akauliza, macho amefumba, "Imeishia hapo, mwalimu?"

"Bado kidogo, Ma."

"Basi malizia."

Sijui kama alikuwa anajua. Sikumwuliza, na sasa siwezi. Nilimalizia zaburi ile sauti ikinikwama, naye akadhani ni mafua, akaniambia ninywe maji ya moto. Nilikuwa na jioni nzima ya kumwomba radhi na nikazungumza juu ya mvua.

Tulimzika kule kwenye rweya. Ulikuwepo, ulishakuwa mkubwa kiasi cha kushika sepetu. Upepo ulikuwa mkali na ng'ombe wa watu walikuwa wanalisha karibu. Njiani kurudi uliniuliza, "Taata, kwa nini Ma hakuzikwa kwenye kibanja chake na mume wake?" Nikakujibu, "Ndivyo alivyotaka." Ulinishukuru kwa kukueleza. Kati ya yote niliyoyafanya hilo ndilo linaloniamsha, kwamba ulinishukuru.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi yamenifikia kabla ya wajukuu, na yamekaa.

Huko chuoni, au baadaye, utakutana na watu wapole watakaokuambia kwamba Maandiko hayana maana moja, kila msomaji anapata yake, usihangaike. Wengine watakuwa na elimu kuliko mimi na sitaweza kushindana nao. Lakini fikiri kidogo. Kama ni kweli, basi mimi sikukosa. Nilipata maana yangu, Ma Kokugonza akapata lori, mambo yakaisha. Ninajua nimekosa kwa sababu Petro alimaanisha jambo fulani, na Luka akaliandika jambo hilo hilo, na mimi nikalijua na kulifunika. Neno halikuwa na tatizo lolote. Lilikuwa limekaa pale pale ukurasa wa pili, linangoja mtu aligeuzie karatasi. Aibu yangu ndiyo ushahidi nilio nao kwamba Biblia inasema inachosema.

Sitakupa kanuni, utazipata nyingi huko. Nakuambia tu ninavyosoma siku hizi. Nikipenda sana andiko, naliogopa. Nikiona linampendeza mtu mwenye kiti, naliogopa zaidi. Narudi nyuma sura nzima, naenda mbele sura nzima, nauliza haya alikuwa anaambiwa nani, na hapa tunaamriwa au tunasimuliwa. Ni kazi ya polepole na mahubiri yangu yamekuwa mabaya, watu wanasinzia. Ta Byabato anasema siku hizi sauti yangu haifiki hata kwenye migomba yake. Na mtu akinisubiri mlangoni na swali, hata awe bibi kizee mwenye usikivu mdogo, naweka ufunguo mfukoni. Watu wa Beroya walimchunguza Paulo mwenyewe kila siku kama aliyosema ndivyo yalivyo, na wakasifiwa. Mimi nilichunguzwa na mjane mmoja nikamnyamazisha.

Niliwahi kujiambia kwamba mimi ndiye Anania, kwamba yeye alizuia sehemu ya fedha na mimi nikazuia sehemu ya Neno. Nikaona ni maneno mazuri, karibu niyahubiri. Kisha nikashtuka, maana nilikuwa nakata tena andiko linikae vizuri, safari hii niwe mwenye dhambi maarufu. Anania ni Anania. Mimi ni mwalimu wa Kaagya aliyemdanganya jirani yake. Hilo linatosha.

Jumapili hii nitasoma sura ya tano kanisani. Nitaanza ya nne na sitasimama kwenye mstari wa penseli, kisha nitawaambia niliyokuambia. Shemeji yake Ma atakuwepo, na baadhi ya waliorudi kutoka rweya watakuwepo. Nimeshapanga hivi Jumapili tatu na zote nimeugua tumbo. Kwa hiyo usiniamini. Mwezi ujao mwandikie Ta Byabato, umwulize kama Waprotestanti walisikia kitu kipya. Yeye hatanificha, atafurahi sana. Na baada ya hapo nitakwenda kwa shemeji yule kuuliza kama mifupa ya Ma inaweza kurudi ikalala na mumewe. Huenda akanifukuza. Atakuwa na haki.

Alama ya penseli sikuifuta. Nilichukua kifutio nikakirudisha.

Barua hii nilitaka kuificha sandukuni chini ya shati lako jeupe, uikute baada ya siku mbili, ziwa likiwa katikati yetu. Nilishainua hata kifuniko. Kisha nikaona ni ujanja ule ule, unaondoka na nusu ya baba na nusu nyingine unaikuta mbali ambako huwezi kumwuliza kitu. Nimempa mama yako na nimemwambia akupe sasa, kabla ya chakula. Yeye anayajua yote tangu jana. Hajazungumza nami tangu jana.

Kama hutaki nilibebe sanduku lako kesho, nitaelewa, Ta Byabato ana mabega mazuri. Kama hutaki tena Biblia hii, iache mezani. Ila ukiichukua, ichukue na alama yake.

Nipo nyuma ya nyumba, upande wa mteremko, natandaza majani kwenye migomba inayopakana na kibanja chake. Majani ni makavu, ukija nitakusikia kabla hujafika. Uniulize unachotaka, na nikinyamaza katikati, uniulize kama imeishia hapo.

Baba yako